Waya Sita za Kelele

Mapenzi nayajua mimi kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Wanaume watatu wamewahi kunililia hadharani. Haya, nisidanganye: mmoja nilimkanyaga kidole, wa pili alikuwa na umri wa miezi minne, na wa tatu alikuwa anamenya vitunguu. Lakini ya hawa wawili nayajua yote.

Walikutana kwenye jengo la maduka ya redio na vifaa vya umeme, Jumamosi, saa ile ambayo ukidondosha kitu huwezi hata kuinama. Binti alivaa gauni la njano na raba nyeupe, gitaa mgongoni. Alipogeuka, gitaa likafagia miwani ya fundi aliyesimama kaunta.

"Dada, hilo gitaa lina leseni?"

"Na wewe kaka, macho gani hayo ya kuvua?"

Tangu siku hiyo binti akamwita fundi Miwani, na fundi akamwita binti Kelele.

Kelele alitaka waya fupi sita za kuunganisha pedali zake, yale masanduku madogo ya kukanyaga yanayobadilisha sauti ya gitaa. Za dukani zilikuwa ndefu mno, zinajikunja kwenye ubao wa pedali kama utumbo. "Nifundishe nitengeneze mwenyewe," akasema. Akafundishwa, wiki nzima, mabega yakigusana juu ya meza moja, moshi wa risasi ya kulehemu ukiwaingia puani. Waya ya kwanza aliilehemu plagi zote mbili, akaiinua kwa maringo.

"Na hivyo vilivyobaki mezani ni nini, mrembo?"

Vifuniko vya plagi. Huvishwa kwenye waya kabla ya kulehemu, si baada. Kelele akabandua kila kitu akaanza upya. Walicheka mpaka wakashikana mikono, na mikono ikasahau kuachana.

Kisha bendi moja kubwa ikatangaza inatafuta mpiga gitaa wa safari ya miezi mitatu. Majaribio Jumamosi, saa nane mchana. Kiongozi wao alishasema wazi: "Sitaki mtu wa kubebwabebwa. Kitu kikiharibika njiani, fundi ni wewe."

Alhamisi Kelele akaugeuza ubao wake. Lehemu zake zilikuwa na mabonge kama uji wa mwali mvivu. Lakini waya moja iling'aa kama pete.

"Hii si yangu."

Miwani akaendelea kupanga bisibisi zake.

"Nakuuliza wewe! Hii si yangu."

"Yako ilikuwa imelegea, kipenzi. Nikaona nisikusumbue..."

"Ukanibadilishia kimyakimya? Kama mama anayemfunga mtoto kamba za viatu?"

"Nilitaka upate kazi!"

"Ungeniambia imelegea, ningeirudia. Sikia. Jumamosi usikanyage pale. Nikiona hata kivuli chako, mimi na wewe basi."

Ijumaa akaing'oa ile inayong'aa, akatengeneza nyingine ya sita peke yake, chai aliyoletewa na shangazi yake ikapoa pembeni mpaka ikaweka utando.

Jumamosi ukumbini, blauzi nyeusi, makwapa yamelowa. "Wewe, dakika tano," akaambiwa. Akapiga uzi. Hakuna sauti. Akakanyaga pedali zote. Kimya cha kaburi. Akainama, akapiga simu.

"Naongea na fundi. Siongei na wewe."

"Fundi anasikiliza," sauti ikanong'ona.

"Haitoi sauti!"

"Gitaa lichomeke kwenye pedali ya mwisho. Halafu rudi nyuma, moja moja."

Ya mwisho ikalia. Ya kabla yake ikalia. Iliyofuata, kimya.

"Ni hii waya ya tano!"

"Fungua kifuniko. Unaona nini?"

"Naona mabonge yangu tu."

"Mabonge yaache. Zile nyuzi nyembamba za nje, kuna hata mmoja unaogusa waya ya katikati?"

Ulikuwepo. Unywele mmoja tu wa shaba.

"Ung'oe kwa kucha."

"Mpiga gitaa ana kucha za wapi?"

"Meno je, unayo?"

Kelele akaung'ata, akautema, akafunga kifuniko. Akapiga uzi, na vioo vya madirisha vikaitika.

Akacheza kama mtu anayedai haki yake. Alipomaliza, kiongozi wa bendi akakuna kidevu. "Nimesikia wapiga gitaa wengi leo. Anayetengeneza waya kwa meno nimemwona mmoja. Jumatatu tunaondoka na wewe."

Kelele akapiga simu tena, pumzi juu.

"Wamenichukua!"

"Umejichukua mwenyewe, roho yangu."

Kelele akavua gitaa. "Uko wapi?"

"Dukani. Wateja wamejaa hapa, sina pa kupumulia."

Wakati huohuo mpiga ngoma akajaribu ngoma yake. Du! ukumbini. Du! kwenye simu.

"Wateja wako wananunua ngoma?"

"Wa... wanajaribu spika."

"Kaka," Kelele akamwambia mpiga ngoma, "hebu rudia." Du! Du!

Akageuka polepole. Nyuma ya nguzo, hatua kumi tu kutoka kwenye ubao wake, lilitokeza shati la bluu lililopigwa pasi mpaka linakata, na mfukoni mwake chuma cha kulehemu. Hatua kumi, muda wote ule, na hakusogea.

"Miwani," akasema kwenye simu, akiuma mdomo asicheke, "hebu muulize huyo mteja wa shati la bluu amefuata nini."

Nyuma ya nguzo, Miwani akalitazama shati lake, simu bado sikioni.

"Anasema... anasema hakugusa kitu, mpenzi. Anaapa."