Kiazi Kisichonyauka

Inspekta alikuwa amepiga magoti, akiokota vigae vya vyungu kimoja kimoja na kuvipanga juu ya turubai. Udongo aliuchota kwa mwiko mdogo wa bustani. Kila alipoondoa tabaka moja aliinama akatazama, kisha akaendelea. Chini ya udongo ule alilala mtu.

"Afande," koplo alisema huku akijikuna shingo, "rafu imeanguka, vyungu vimempiga kichwani, amekufa. Hata bibi yangu na mtoto wake wa jicho angeliona hilo."

"Bibi yako angepiga magoti kwanza. Nimulikie hapa."

Alisema kwa sauti ile ya chini iliyowafanya askari wamwite Afande Taratibu. Koplo akamulika. Marehemu alikuwa daktari wa mimea wa kituo hiki cha utafiti wa viazi, kijana ambaye wenzake walimwita Miwani. Kisogo chake kilikuwa kimebonyea. Damu ilikuwa imetuama chini ya shavu, ikaganda na kufanya utando, na vyungu vilivyoanguka juu ya utando ule havikulowa hata kidogo.

"Rafu haikumwangukia mtu hai," Inspekta alisema. "Iliangushwa juu ya maiti, baada ya kitambo."

Koplo akaacha kujikuna.

Kutoka kichwani kwa marehemu, nyayo hafifu za mabuti zilielekea mlangoni. Mlangoni palikuwa na karai pana lenye dawa kali ya kuua vijidudu, ile inayochoma pua. Nyayo ziliingia karaini. Ng'ambo ya karai sakafu ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa.

Inspekta alisimama pale muda mrefu. Alikwisha kuona wauaji waliokimbia, waliojificha, hata waliorudi kulia msibani. Aliyetoka kuua akasimama kuosha viatu hakuwahi kumwona.

Banda lile la kioo waliliita Wodi. Humo viazi vilitiwa ugonjwa makusudi, mnyauko unaoletwa na bakteria, ili ionekane kipi kitakufa na kipi kitasimama. Kwa hiyo sheria ya Wodi ilikuwa moja na haikuwa na mkubwa wala mdogo: hakuna kitakachotoka na ugonjwa. Mabuti hupita kwenye karai. Zana huingia kwenye ndoo ya dawa. Inspekta alitumbukiza mkono wenye glavu katika ndoo hiyo, akatoa visu viwili, mkasi, na spana nzito ya chuma.

"Hii nayo ni ya bustani?" koplo aliuliza.

"Ifunge. Ipelekwe maabara ya polisi pamoja na sampuli ya damu."

Nje, wapakiaji walikuwa wakirusha magunia kwenye lori. Mbegu. Sauti ya magunia ilisikika ndani, pu, pu, pu, kana kwamba hakukufa mtu.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mhudumu wa Wodi, mwanamke wa makamo ambaye kituo kizima kilimwita Shangazi. Ndiye aliyeikuta maiti asubuhi.

"Funguo za Wodi ziko kwa nani?"

"Mimi, marehemu, na Baba Viazi. Mkuu wa kituo, huyo. Basi."

"Jana watu walikusikia ukimfokea marehemu. 'Leo utanitambua.'"

Koplo alimsogelea. Shangazi akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Wewe baba, usinitolee macho, sina deni lako. Ndiyo, nilimfokea. Unapomlea mtu unamfokea. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwachia chai pale dirishani, maana yule ukimwacha na kazi yake anasahau kuwa ana tumbo." Akafuta macho kwa kiganja. "Alikata mmea wa zambarau bila kumwuliza mtu."

"Wa zambarau ni upi?"

Aliwaonyesha. Upande mmoja wa Wodi mimea yenye mashina ya kijani ilikuwa imelala, majani yakining'inia kama matambara. Upande wa pili mashina ya zambarau yalisimama wima, majani yakimetameta. Yote yalinyweshwa maji yale yale yenye ugonjwa.

"Hiki ndicho kiazi chenyewe," Shangazi alisema. "Baba Viazi ameila miaka juu yake. Akakichanganya na kiazi mwitu, mara kikawa kichungu, mara kikawa kidogo kama kokoto. Halafu marehemu akaja na mambo ya maabara, kinasaba kikapandikizwa, ndipo kikasimama. Hakikatwi ovyo."

"Naye alikikata kwa nini?"

"Kipimo cha glasi. Unakata shina, unalining'iniza kwenye maji safi. Kama lina ugonjwa, utaona uzi mweupe unashuka, kama maziwa. Nikamwambia, mmea mzima namna hii unaupima nini? Akanijibu, 'Shangazi, usimwambie mtu, nizungumze naye mwenyewe kwanza.' Nikakasirika, nikaenda zangu."

"Azungumze na nani?"

Shangazi alitazama nje, kuelekea kwenye lori.

Juu ya meza, Inspekta alikuta duara la maji yaliyokauka, ukubwa wa kitako cha glasi. Glasi yenyewe haikuwepo.

Baba Viazi alikuwa nje kwenye lori, mrefu, mwenye mvi, akiwahimiza wapakiaji. Alimpa Inspekta mkono wake kwa adabu. Ulikuwa mkono wa mkulima, kucha zimeingia udongo usiotoka.

"Pole kwa msiba," Inspekta alisema.

"Tumepoa. Alikuwa mwanangu yule. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu."

"Jana jioni uliingia Wodini?"

"Sikuingia. Nilikuwa ofisini, napanga magari ya mbegu."

"Alikuambia lolote kuhusu kipimo?"

"Kipimo gani?"

"Cha glasi."

"Hapana." Aligeuka akamwita mpakiaji. "Wewe! Hilo gunia si mpira! Inspekta, nisamehe. Wakulima wanangoja. Mvua haina subira."

"Lori lisubiri kidogo."

"Kwa sababu ipi?"

"Bado sijaijua," Inspekta alisema, na ilikuwa kweli.

Koplo alikuwa na lake tayari. "Afande, ni yule mama. Ana ufunguo, aligombana naye, na ndiye aliyejifanya kuikuta maiti. Nimtie pingu tumalize?"

"Pengine. Hebu kwanza tumfuate huyu mwenye mabuti. Ameua. Ametetemeka, hakosi kutetemeka. Na bado akaingia karaini, akatia spana kwenye ndoo. Hakufikiri. Ni miguu na mikono tu, kama wewe unavyopiga saluti hata usingizini."

"Sipigi saluti usingizini."

"Mkeo kaniambia. Sasa, mtu kama huyo ana glasi ya maji yenye ugonjwa mkononi, anataka ipotee. Ataimwaga wapi?"

Koplo alitazama sinki. Inspekta alitikisa kichwa, akamwita Shangazi.

"Maji yenye ugonjwa mnayamwaga wapi?"

"Tuyamwage!" Shangazi alishtuka kama aliyetukanwa. "Mfereji unashuka hadi mashambani kwa watu. Hayamwagwi. Yanaingia kwenye pipa la mvuke, yanapikwa mpaka vijidudu vife. Nawasha kila asubuhi."

"Leo umewasha?"

"Niwashe moto na mtoto wa watu kalala sakafuni?"

Pipa lilikuwa chumba cha nyuma. Skrubu za mfuniko wake zilikuwa zimekazwa kwa mkono tu, na ndoano ya spana ukutani ilikuwa tupu. Ndani, kati ya matambara na vyungu vichafu, palikuwa na glasi iliyofunikwa kwa nailoni na kufungwa vizuri kwa mpira. Maji yake yalikuwa meupemeupe kama yaliyosuuza chombo cha maziwa. Katikati lilisimama shina la zambarau.

Shangazi aliinama juu ya pipa.

"Hilo ni shina zima," alisema polepole. "Halikunyauka. Litatoaje maziwa?"

Inspekta alikuwa akimtazama koplo, na koplo mwenyewe ndiye aliyesema, kwa aibu kidogo: "Kama angekuwa huyu mama, angewasha pipa asubuhi, ndipo atuite."

"Ndivyo. Muuaji aliacha liwashwe na mtu ambaye hakujua limebeba nini. Mwite mkuu wa kituo."

Inspekta hakumwonyesha Baba Viazi glasi ile. Alimketisha mezani Wodini, mbele ya glasi nyingine yenye maji maangavu, akamwomba Shangazi akate shina jipya la zambarau, lenye afya kuliko yote. Shangazi alivaa glavu. Alikata sawasawa, akalining'iniza shina hadi ncha ikagusa maji.

"Hii ni nini sasa?" Baba Viazi aliuliza.

"Tunangoja," Inspekta alisema.

Wakangoja. Nje magunia yalikuwa yamenyamaza. Koplo alikuwa akipumua kwa mdomo. Maji yalibaki maangavu, na kwa muda uso wa mzee yule ulianza kulegea, kama mtu aliyeambiwa habari zilikuwa za uongo.

Kisha uzi ukashuka. Mwembamba, mwembamba kuliko wa mmea mgonjwa, lakini uzi. Ulijinyonga kidogo, ukafika chini ya glasi, ukaanza kutanda.

"Mficha maradhi," Shangazi alinong'ona, "kilio humfichua."

Baba Viazi alitazama glasi, hakumtazama mtu.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alimwambia. "Utakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani. Tumeipata glasi ya jana ndani ya pipa. Tutachukua alama za vidole."

"Msijisumbue. Ni zangu."

"Ilikuwaje?"

"Aliniita. Akaniambia, 'Baba, kiazi chetu hakikatai ugonjwa. Kinaubeba.' Kinaupokea, kinaishi nao, hakionyeshi. Viazi vyake vyote vina ugonjwa ndani. Mkulima akivipanda, anapanda mnyauko kwenye udongo wake, na ukishaingia mle hautoki kwa miaka." Alisema kama mwalimu darasani. "Aliniomba misimu mingine. Tuongeze kinasaba cha pili, cha kufunga mlango kwenye mizizi. Alikuwa na furaha, unajua? Alikuwa ameshachora yote kichwani."

"Na wewe?"

"Nilimwambia anyamaze mpaka mbegu ziende. Akakataa. Akasema atapiga simu wizarani asubuhi. Akanipa mgongo, aioshe meza. Spana ilikuwa mkononi mwangu, nilikuwa nimekuja kufunga pipa."

"Ukampiga."

"Nikampiga. Nikakaa hapo kwenye kiti. Sijui muda gani. Halafu nikaivuta rafu."

"Kiazi tu, mzee?" kauli ilimtoka koplo. "Kwa kiazi?"

Baba Viazi alimgeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Wewe umewahi kuona shamba likilala kwa wiki moja? Sisi tulikuwa watoto. Tulichimba, tukatoa uji unaonuka. Baba akaondoka kutafuta kazi, hakurudi. Mdogo wangu hakuiona mvua iliyofuata. Mama akabaki analima ule udongo uliooza, kila mwaka, kila mwaka. Nilimwahidi kiazi kisichonyauka. Nilimwahidi nikiwa na meno ya utoto!"

Shangazi alikuwa amegeukia kioo, mabega yakimtikisika.

"Hili lori la kwanza?" Inspekta aliuliza.

Baba Viazi alirudisha macho kwenye glasi.

"Mzee. Hili lori la nje ndilo la kwanza?"

"La kwanza liliondoka wiki iliyopita," Baba Viazi alisema. "Kwetu. Milimani. Nilitaka waanze wao." Akaweka viganja mezani, kila upande wa glasi, bila kuigusa. "Mama amekwisha kupanda. Amepanda hadi mlangoni. Juzi alinipigia simu akiwa anaimba."

Koplo alimfunga pingu taratibu, kama anayemfunga kitambaa mgonjwa. Mlangoni mzee alisimama, akaingiza mguu wa kulia kwenye karai, kisha wa kushoto, ndipo akatoka. Hakuna aliyemharakisha.

Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa pili magunia yalipoanza kushushwa. Wapakiaji walinung'unika; kupakia walilipwa, kushusha je? Inspekta aliagiza ghala lifungwe kwa lakiri ya polisi, akapiga simu wizarani, simu ambayo Miwani hakuipiga. Wakamwahidi mtaalamu wa udongo na orodha ya kaya zote zilizopokea mbegu. Kaya zilikuwa nyingi. Kila shamba lilipaswa kufukuliwa, kiazi kwa kiazi, kabla ya mvua kubwa kuuburura ugonjwa hadi kwa majirani.

"Tunaanza na la nani?" koplo aliuliza.

"La mama yake. Liko juu kabisa. Maji huteremka."

Koplo alizungusha kofia mikononi. "Tutamwambia lipi kwanza, Afande? La mwanawe au la shamba?"

Inspekta alitazama upande wa milima.

"Nitakwenda nanyi," Shangazi alisema kutoka kizingitini. Alikuwa amevua glavu, vidole vyake vimekunjamana kwa dawa. "Habari ya namna hiyo haipelekwi na sare peke yake."

"Tutaondoka alfajiri."

"Nitakuwa hapa." Alitazama lori, ambalo nusu ya magunia yake yalikuwa bado juu. "Chukueni majembe ya kutosha. Yule bibi hatakubali kufukua, mtafukua nyinyi. Naye atakuwa nyuma yenu, anavirudisha viazi udongoni."