Masika wa Tatu

Hii zambi, mwalimu Octave hajaiambia hata padri ku kitubio.

Banande, kabila ya huku, banapatia mutoto jina kufwatana na namba yake ya kuzaliwa. Musichana wa kwanza ni Masika. Mu classe ya Octave, ba-Masika balikuwa batatu: Joyeuse, Shalom na Rébecca. Octave, mutu wa kutoka Kasai, alikuwa anaita tu "Ba-Masika!", halafu anahesabu sauti. Uvivu, tuseme kweli.

Siku ya kupeleka batoto ku jardin botanique, bustani ya miti, mama ya Rébecca alimufwata mpaka ku mulango ya shule.

"Mwalimu, kule mu miti umuite na jina ya ubatizo. Masika peke yake, hata muzimu anaweza kuitika."

"Ee mama! Siye tuko batu ba masomo," Octave akacheka.

Magaribi, wingu ikakuwa nyeusi juu ya mianzi. Pombe ya baridi ilikuwa inamungojea ku nganda. Akaita mbio mbio, macho ku telefone.

"Ba-Masika!"

"Présent!" Joyeuse.

"Présent!" Shalom.

Octave akangojea wa tatu.

"Présent."

Nyuma ya Octave. Karibu ya shingo. Na harufu ya kaburi mupya.

Hakugeuka. Tatu ni tatu. Bakaenda.

Kufika ku shule, mama ya Rébecca alikuwa anangojea na mwavuli. Batoto bengine bakapita bote. Rébecca, hapana.

Octave, mama na directeur wa shule balirudia kule na torche, mvua inapiga. Balimukuta amekaa chini ya mianzi, uniforme kavu kabisa.

"Mwalimu, niliitika," akanong'ona. "Mara ine. Ule mwengine akaniambia: nyamaza, hesabu yake imeisha kutimia."

Mama alikuwa anamuangalia Octave. Directeur pia. Ilikuwa saa ya kusema kweli.

"Huyu mutoto ni kichwa nguvu," akasema. "Alijificha."

Mama akamupiga Rébecca kofi palepale. Mutoto hakulia. Alimukazia tu mwalimu macho. Haya ikamupanda Octave mpaka ku masikio, na bado akaongoza njia ya kurudia.

Lundi, mu classe, akafungua registre ya majina. Sasa anaita jina nzima, polepole.

"Masika Rébecca."

Rébecca, ku banc ya mbele, alifunga kinywa. Akamuangalia.

"Présent."

Sauti ilitoka nyuma ya Octave, kati yake na tableau ya kuandikia.

Classe nzima ikainamisha kichwa. Ile harufu ya kaburi mupya ikamufikia.

Octave akaandika: Rébecca yuko.

Hakugeuka.