Anayenusa Mlangoni

Zalhata alianza kusimama mlangoni. Akirudi kutoka chekechea, mama yake akishamvua kofia ya sufi na koti la baridi, hakukimbilia ndani kama zamani. Alisimama juu ya zulia la viatu, akainamisha kichwa, akangoja. Halafu, kana kwamba ameruhusiwa, akapita.

"Unangoja nini, mwanangu?" Khatija alimuuliza.

Mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yule mzee hajamaliza.

Hapakuwa na mzee. Katika nyumba ile ya ghorofani, mtaa wa Mount Dennis huko ughaibuni, waliishi wanawake peke yao: Khatija, binti yake wa miaka minne, na Bibi Echati, aliyemlea Khatija huko Unguja. Bibi mwenyewe alizaliwa Nzuani, katika visiwa vya Komoro, enzi za Wafaransa. Mume wa Khatija alikuwa bado Unguja akingoja viza.

Baada ya siku chache nywele za mtoto zikaanza kukatika utosini. Palibaki kiduara cha ngozi tupu, na ngozi ile ilikuwa baridi hata akitoka kuoga maji ya moto. Chakula alikinusa tu, akakisukuma. Daktari alitoa dawa ya kupaka, haikusaidia. Mashavu ya mtoto yakabonyea.

Jioni moja ya Januari, kiza kikiwa kimeshaingia mapema kama kawaida ya huko, Khatija alirudi kutoka kazini, akafunga mlango, akainama kuvua viatu vyake vya theluji, na alipokuwa ameinama vile akasikia juu ya kichwa chake pumzi ikivutwa kwa pua, polepole, kama mtu anayekagua samaki sokoni, na hewa yote pale mlangoni ikajaa langilangi, ile harufu tamu ya maua inayokaba koo, kisha pumzi ikavutwa tena, karibu zaidi, mpaka ushungi ukainuka kidogo utosini pake, naye hakuweza kunyanyua shingo hadi ilipokwisha.

"Bibi," alinong'ona alipofika jikoni, "kuna kitu mlangoni. Kinanusa."

Bibi Echati akaweka kisu chini. "Umeingiza langilangi humu ndani?"

"Mafuta kidogo tu. Nilimpaka mtoto nywele. Duka la Wahindi wanauza."

"Nilikukataza."

"Hukuniambia sababu, Bibi. Nilidhani ni uzee."

"Uzee upo," alisema Bibi. "Lakini si huo."

Wakamwita Fundi Mdahoma, Mngazija aliyeoka mikate kiwandani na kuwasomea watu dua siku zake za mapumziko. Kabla ya kuwasha ubani alipanda kiti, akakitoa king'ora cha moshi darini.

"Nyumba niliyotoka juzi," alisema, "zimamoto walifika kabla jini hajaondoka."

Alisoma Yasini, akanyanyua mikono kuomba. Khatija na Bibi wakaitikia amin. Na kutoka mlangoni sauti nyingine, nzito, yenye adabu, ikasema, "Amin."

Fundi akashusha mikono. "Huyu ni Mwislamu mwenzetu," alisema taratibu. "Siwezi kumfukuza kwa maneno anayoyapenda. Nani kati yenu anamjua?"

Bibi Echati akajibu, "Mimi. Ni baba yangu."

Akawaeleza. Katika shamba la kampuni ya Wafaransa wanawake walichuma maua ya langilangi ya kutengenezea marashi tangu alfajiri. Mikono yao yote ilinukia, kwa hiyo langoni walinuswa utosini, kwa kuwa mtu angeweza kuficha ua la kupeleka harusini chini ya leso. Mfaransa hakutaka kunusa vichwa vya watu. Kazi hiyo alimpa baba yake Bibi.

"Nilipokuwa mdogo kama huyu, baba alininusa hapa kila aliporudi. Ndivyo alivyokuwa akinibusu. Nilipoanza kazi alininusa palepale, mbele za watu, kama mwizi. Nyumbani hakuninusa tena. Aliona haya. Akafa bendera yao ikiwa bado juu."

"Hajui kwamba wameondoka?" Khatija aliuliza.

"Nani angemwambia?"

Bibi akaenda mlangoni, akakaa juu ya zulia la viatu, akavua ushungi.

"Baba, kampuni ilifungwa. Mitambo imeliwa na kutu. Wafaransa walikwenda zao, tuna bendera yetu. Lango halipo. Mwache mtoto huyu, hakuiba kitu. Wala mimi sikuiba." Akainamisha kichwa chake cheupe. "Ukitaka kuninusa, ninuse kama mwanao."

Pumzi ikaja, na haikuwa ya ukaguzi tena, ilikuwa ndefu na yenye kutetemeka, ndani yake mkiwa na kwikwi ya mwanamume anayejizuia, ikavuta na kuvuta, ikaitoa langilangi katika mapazia na makoti na nywele za watu, ikauchukua ubani, ikachukua hata harufu ya supu iliyokuwa jikoni, mpaka nyumba nzima ikabaki na ubaridi mtupu. Mlango haukufunguka, lakini wote walijua kwamba ametoka.

Zalhata akaomba supu. Nywele zake zilianza kuota kabla theluji haijayeyuka.

Bibi Echati hasikii tena harufu yoyote. Moshi, vitunguu, marashi, kwake vyote ni kama maji. Daktari amemwambia ni umri. Kila jioni humpakata mtoto, akaweka pua utosini pake, akavuta pumzi kwa muda mrefu.

"Unanukia nini leo?" humuuliza.

"Sabuni, Bibi," mtoto humjibu kwa Kiswahili chake cha kujikwaa.

"Eh," husema Bibi, macho ameyafumba. "Sabuni."