Mtama wa Susu Ndila

Kila asubuhi Kavindu aliondoka nyumbani, nje kidogo ya soko la Nuu, akiwa na mkoba begani na mtungi wa maji wa lita tano mkononi. Maji yale yalikuwa ya shamba la shule. Wafadhili wa ng'ambo, waliowapikia wanafunzi isyo ya mahindi na maharagwe kwa miaka tisa, walikuwa wamefunga virago. Mtaala mpya nao ulitaka kilimo kifundishwe kwa jembe, si kwa chaki pekee. Mwalimu Mutanu akawaagiza wanafunzi wa Gredi ya Sita walete mbegu kutoka nyumbani.

"Tusipovuna, hakuna chakula cha mchana," alisema.

Nyanya yake Kavindu, Ndila, aliyemlea tangu utotoni, alikishusha kibuyu kilichoning'inia juu ya meko. Akammiminia kwenye mfuko mtama uliochanganywa na majivu ili usiliwe na fukusi.

"Susu, umemimina wote?" Kavindu alimwuliza nyanya yake.

"Wote. Mama yangu alinipa mbegu hii nilipoolewa. Mwaka wa ukame tulilala njaa, wala hatukuigusa. Ipeleke ikazae."

Njiani mwanafunzi mwenzake, Musembi, alichungulia mfuko wake. "Ala! Umeleta chakula cha kuku? Utatupikia uji wa vifaranga?" Wenzake wakaangua kicheko.

Uso ulimwaka Kavindu kwa haya. Walipotangulia, aliumwaga mtama kando ya njia, njiwa wakaudonoa. Kesho yake alipanda shuleni mahindi aliyoyachota nyumbani kwenye gunia la mwisho la msaada waliogawiwa na wafadhili.

"Umepanda?" nyanya aliuliza jioni.

"Nimepanda, Susu."

Mvua ilinyesha wiki tatu, ikakatika. Karibu wanafunzi wote walikuwa wamepanda mahindi, nayo yakakauka yakiwa ya kimo cha goti. Jiko la shule likabaki baridi.

Ndipo nyanya alipougua. "Mtama huvumilia," alinong'ona kitandani. "Niletee suke moja tu, mwanangu, nilishike."

"Kesho, Susu."

Alisema kesho mara nne. Siku ya tano alitoka shuleni mbio, amekwisha kuamua kusema kweli. Akawakuta wanawake wa kanisa wameketi uani, wakiimba kwa sauti ya chini.

"Aliulizia suke mpaka mwisho," mmoja alimwambia.

Baada ya mazishi Kavindu alimweleza Mwalimu Mutanu yote, huku akilia. Mwalimu hakumkemea wala hakumbembeleza. Alifuatana naye nyumbani, wakakikung'uta kibuyu juu ya ungo, wakapepeta majivu. Zilipatikana punje kumi na saba.

Msimu uliofuata walizipanda shuleni, Kavindu akazinywesha kwa mtungi wake. Mvua ikakatika tena, lakini mtama ukasimama. Mavuno yote yaligawanywa kuwa mbegu, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Musembi.

Kavindu alipeleka suke moja kaburini. Mwalimu alisimama nyuma yake.

"Mwalimu, atajua?"

"Sijui, mwanangu. Ninalojua ni hili: waliotulisha hawakutuamuru tudharau mbegu zetu. Tulizidharau wenyewe. Nchi inayoona haya chakula chake itashika bakuli daima. Na ukweli usiuahirishe. Anayeungoja huenda asiwepo kesho."

Kavindu akaliweka suke juu ya udongo, akalifunika kwa majani makavu, njiwa wasilione.