Kochi la Watu Wawili

Siku ya tatu tangu sebule ipambwe, Mwanne aligundua kwamba mumewe hakai katikati ya kochi. Awadhi alijibana pembeni, mkono kaunyoosha juu ya mgongo wa kochi, kama aliyempisha mtu.

Kochi hilo Mwanne alilitafuta mwenyewe. Awadhi hakuchoka kuisifia sebule ya mama yake ya miaka ya sabini, na hakuchoka vilevile kwenda kila alasiri Kariakoo, kwenye duka la vitenge la Zulekha, eti kupiga soga. Wivu ulimkaba Mwanne. Akaapa kwamba kama mume anataka ya kale, atayapata humu humu, ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Akatoa masofa yake manene, akaweka redio ya mbao, vitambaa vya kufuma na picha zilizopauka rangi. Kochi la mahameli ya kijani, lenye miguu ya mbao iliyochongoka, alilipata Gerezani kwa fundi Eliakimu, aliyemsihi aliache juani siku saba kwanza, maana lilitoka katika nyumba iliyofungwa miaka mingi.

Nani wa kungoja siku saba? Jioni ile ile, adhana ya magharibi ikiita, Mwanne alilifukiza udi akanuia kwa sauti: atakayekaa hapa asitamani kutoka. Jina la mumewe hakulitaja. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Awadhi akaacha kwenda kwa Zulekha, na Mwanne akatamba wiki nzima. Kisha ikaja harufu ya asmini, na humo ndani hamkuwa na ua hata moja. Kisha mahameli ikawa inabonyea upande ule mtupu, taratibu, na mchana kweupe, akiwa jikoni anakuna nazi, alimsikia mumewe akinong'ona na kucheka kicheko ambacho yeye hakukisikia tangu fungate, na chini ya kicheko hicho kikapita kingine, cha kike, kilichokoma pale tu alipoacha kukuna. Alikwenda mbio sebuleni akataka kuketi karibu naye.

"Hapo pana mtu," Awadhi alimwambia kwa upole.

Akaitwa maalimu Bakili. Mzee alisoma mpaka kanzu ikalowa jasho, kisha akamvuta Mwanne kando.

"Huyu ni jini mahaba, mwanangu. Umemkaribisha kwa kinywa chako, utamtoa kwa kinywa chako. Sema umemruhusu mumeo atoke, aende atakako. Hilo tu."

Mwanne akafungua kinywa. Akilini akamwona Zulekha nyuma ya meza yake ya vitenge, akimkunjulia Awadhi doti baada ya doti, meno yote nje.

"Siwezi, maalimu," alinong'ona. "Heri huyu, simuoni."

Maalimu alifunga kitabu akaaga. Mwanne akamsindikiza hadi barabarani, kama adabu inavyotaka. Aliporudi juu, mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Aligonga, akaita jina la mumewe, akagonga tena, na asmini ikawa inapenya chini ya mlango, nzito kiasi cha kumpalia. Akasikia nyayo za watu wawili zikija, zikasimama.

"Tusamehe, dada," Awadhi alisema kutoka ndani. "Mke wangu ana wivu. Hapendi wageni wa kike."