Kisanduku cha Nani

Aliyenieleza habari hii kwanza ni wifi yangu, mshona mapazia. Alipiga hodi magharibi, nikasema karibu kabla sijajua ni nani, kama nilivyozoea. Aliingia bila mkoba wake wa kazi, akaomba alale kwetu.

Alikuwa ametoka kupima madirisha kwa fundi umeme mmoja mwenye mke na mtoto wa miezi saba. Nyumba yao hujiendesha. Taa, feni na kufuli la mlango hufuata maagizo ya kompyuta ndogo ya ukutani. Fundi alitaka maagizo hayo yaandikwe kwa maneno, mstari kwa mstari. Mdogo wake alitaka yachorwe: visanduku kwenye kioo cha kompyuta hiyo, vikiunganishwa kwa nyuzi.

"Maneno yako atayasoma nani, kaka? Mchoro hata shemeji anauelewa."

Mchoro ukashinda.

Wifi alikuwa juu ya kiti, futi mkononi, mlango wa mbele uliposema kwa sauti ya mashine, "Karibu." Kufuli likalia, mlango ukafunguka. Hakuingia mtu. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, lakini ukumbini kulinuka nguo mbichi iliyofungiwa kabatini.

"Ni shemeji," mama mtoto alinong'ona. "Anatuchezea kwa simu akiwa kwake. Leo siku ya tisa."

"Na mumeo anasemaje?"

"Anasema ni mimi, nagusagusa."

Mumewe aliporudi kutoka kazini, mdogo wake naye aliitwa. Akaapa hajafanya kitu.

"Hata mwizi huapa," kaka yake alimjibu.

Wakafungua mchoro. Kutoka kisanduku cha HODI uzi ulikwenda moja kwa moja hadi KARIBU. Katikati palipaswa kuwa na kisanduku cha NANI. Kilikuwepo, ila kimekaa pembeni, hakikushikwa na uzi wowote.

"Nilisahau kukiunganisha," mdogo mtu alisema polepole. "Nilikiona kipo, nikajua kazi imekwisha."

"Kwa hiyo siku zote hizi," mama mtoto aliuliza, "nyumba yangu inakaribisha bila kuuliza ni nani?"

Fundi alifuta mchoro wote, akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti: "Ikisikika hodi, uliza nani. Asiyejibu, usimfungulie. Kila chumba kikiona kitu kinasogea, kiulize nani." Akapumua. "Sasa kila neno lililomo nimeliandika mimi."

"Umemzuia wa nje," mkewe alisema. "Wa ndani je?"

Ndipo nyumba ikaanza kuuliza, "Nani?" jikoni ambako hakukuwa na mtu, "Nani?" ukumbini nyuma ya migongo yao, na ile harufu mbichi ikapita katikati yao kama mgeni aliyechelewa anayeomba njia, ikaenda taratibu kule nyuma, mpaka chumba cha mtoto nacho kikauliza, "Nani?", na sauti ya mama mtoto ikajibu kutoka mle ndani, laini, ya kubembeleza, "Mimi, mwanangu," ilhali mama mtoto mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, amemshika wifi mkono, mdomo umefumbwa.

Mama alikimbia akamtoa mtoto. Mtoto alikuwa anacheka, ameinua mikono abebwe, anatazama juu pasipo na kitu. Walitoka wote na nguo za mwilini, na kufuli likajifunga nyuma yao.

Hayo ndiyo aliyonieleza wifi. Kisha akajilaza mkekani, kando ya mwanangu, akageukia ukuta.

Asubuhi yake hodi ilipigwa. Neno karibu lilinifika ulimini, nikalimeza.

"Nani?" niliuliza.

"Mimi wifi yako. Nifungulie basi, mkoba umenichosha. Na nina habari ya kukueleza."

Niligeuka. Wifi alikuwa bado amelala mkekani, uso ukutani, mkono mmoja umemkumbatia mwanangu.

Sikumuuliza yeyote kati yao neno jingine. Niliuinua ule mkono kwa vidole viwili, nikamchukua mwanangu, nikatokea mlango wa jikoni bila viatu.