Mkono Pembeni mwa Picha

Jiwe lilibiringika chini ya mguu wa Garth. Merridy, aliyekuwa amepiga goti akipiga picha majani ya fagasi, mti mfupi wa milimani, yaliyoanza kugeuka dhahabu, alisikia mfupa ukialika kabla hajasikia ukelele wa mumewe.

"Kifundo," alisema Garth, uso umempauka. "Kimevunjika."

Merridy aliufunga mguu kwa stendi ya kamera na mkanda wa begi. Manyunyu yalikuwa yamegeuka theluji. Ndivyo Aprili ilivyo juu ya milima ya Tasmania, kusini mwa Australia, majira ya baridi yakikaribia.

"Tutulie. Jioni mlinzi wa hifadhi atasoma daftari la wapandaji, ataona hatujarudi."

Garth aliangalia pembeni. "Nilishaandika tumerudi."

"Lini?"

"Asubuhi. Ili tukishuka tuingie garini moja kwa moja, tusilowe."

"Mzee wewe!" Merridy hakuwa na muda wa kumgombeza zaidi. Simu haikushika mtandao, na hakuna ambaye angewatafuta. Baridi ya usiku ingemuua Garth.

Alimkokota hadi chini ya mwamba, akamvika koti lake mwenyewe, akamwachia chupa ya chai.

"Kunywa kidogo kidogo. Na usilale."

"Njia utaijuaje? Yote imefunikwa."

"Nimepiga picha mia nne tukija."

"Na mimi nimekucheka mia nne."

"Ukipona utaniomba radhi moja moja."

Alishuka akizipitia picha kinyumenyume kwenye kioo cha kamera. Mwamba wenye ufa: pita kushoto. Kidimbwi chembamba: shuka kulia. Ukungu ulimwachia hatua kumi tu za kuona. Alianguka, akachubuka goti, akainuka akipuliza vidole vilivyokufa ganzi. Ndipo akauona. Pembeni mwa picha, moja baada ya nyingine, mkono wa Garth: hapa umeshika tawi lisitikiswe na upepo, pale umekinga lenzi isilowe. Asubuhi nzima. Uso wake haukuwamo hata mara moja.

Merridy akaanza kukimbia.

Saa nane mchana aligonga mlango wa kibanda cha mlinzi. Giza lilikuwa halijaingia waokoaji walipomfikia Garth, midomo imekuwa ya buluu, akiimba ovyo ili asisinzie.

"Umekawia, bibie."

Walipomlaza kwenye machela, Merridy akatoa kamera. Garth akajitahidi kukwepesha kichwa.

"Fagasi ziko nyuma yangu. Ona theluji ilivyozikalia!"

"Rudisha kichwa," alisema Merridy. "Majani ninayo ya kutosha."